Punje Moja, Viwango Vingi: Kupima DNA Ndani ya Endospemu ya Mbegu

Serikali ya Kenya ilipotangaza Oktoba 2022 kwamba inaondoa marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa kijenetiki, iliyokuwa imewekwa Novemba 2012, mjadala ulitoka kwa wataalamu ukaingia sokoni, vijiweni na kwenye makundi ya simu. Humo yalizoeleka madai ambayo bado yanasikika kila mahindi yanapozungumzwa: kwamba mbegu za kisasa zina DNA na za asili hazina, kwamba mahindi yenye DNA nyingi kuliko kawaida lazima yamechezewa, na kwamba maabara ikipima kiasi cha DNA ndani ya punje itatambua mara moja kama mbegu hiyo imebadilishwa. Dai la kwanza halina msingi wowote, kwa kuwa kila mmea na kila mnyama ana DNA, na tunaila kila siku katika mchicha, dagaa na ugali. Madai mengine mawili yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu yanagusa kipimo halisi kinachofanywa maabara, na kipimo hicho, kikisomwa bila kueleweka, hutoa namba zinazoshtua. Punje ya hindi la kawaida kabisa, lililopandwa kwa mbegu aliyoihifadhi bibi, inaweza kuwa na viini vya seli vyenye DNA mara 32 ya kiasi vilichoanza nacho.

Ili namba hiyo isitishe, tuanze na istilahi. Mwili wa mmea umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli hai kwa kawaida kuna kiini, ambamo DNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, imefungwa katika vipande virefu viitwavyo kromosomu. Seli za jani la mhindi zina kromosomu 20, ambazo ni seti mbili za kromosomu kumi kumi, moja kutoka kwa mmea mama na nyingine kutoka kwa mmea baba. Seli za uzazi, yaani yai na seli za kiume zinazobebwa na chavua, zina seti moja tu. Kiasi cha DNA kilichomo katika seti hiyo moja ya seli ya uzazi huandikwa kwa herufi C, matumizi yaliyoanzishwa na Mmarekani Hewson Swift mwaka 1950 alipokuwa akipima viini vya mimea, yakiwemo mahindi. Kwa hiyo seli ya jani ambayo haijajiandaa kugawanyika ina 2C, na ile iliyokwisha kunakili DNA yake ikisubiri kugawanyika ina 4C. Uzito wenyewe hutajwa kwa pikogramu, na pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Aina ya mahindi inayotumiwa na maabara nyingi kama kipimio, CE-777, ina pikogramu 5.43 kwa 2C, hivyo C moja ya mahindi hayo ni takriban pikogramu 2.7.

Endospemu ni ile sehemu ya mbegu inayohifadhi chakula cha mmea mchanga. Hakuna tishu ya mmea inayolisha watu wengi zaidi kuliko hii, na ni wachache wanaoijua kwa jina. Mahindi yanapokobolewa, mashine huondoa ganda na sehemu kubwa ya kiinitete, yaani ule mmea mchanga wenyewe. Kinachobaki na kusagwa kuwa sembe karibu chote ni endospemu. Wali mweupe ni endospemu, na unga mweupe wa chapati vilevile. Kwa watu wa pwani mfano ulio wazi zaidi ni nazi: maji ya dafu ni endospemu iliyo katika hali ya kimiminika, yenye viini vinavyoelea bila kuta za seli, na nyama nyeupe tunayoikuna ni endospemu hiyohiyo baada ya kuta kujengeka kando ya kifuu. Kiinitete cha nazi ni kile kipande kidogo kilichojificha chini ya jicho moja kati ya macho yake matatu. Maharage na kunde ni tofauti, kwa kuwa kiinitete chao huila endospemu karibu yote kabla mbegu haijakomaa, na tunachokula ni majani mazito ya kiinitete chenyewe.

Jambo la pekee kuhusu endospemu ni namna inavyotungwa. Mwaka 1898, huko Kyiv, Sergei Navashin aliona katika maua ya jamii ya yungiyungi kwamba chembe ya chavua hupeleka seli mbili za kiume ndani ya ovari, wala si moja, na kwamba zote mbili hufanya kazi. Mwaka uliofuata Mfaransa Léon Guignard alieleza jambo hilohilo kwa uchunguzi wake mwenyewe. Seli ya kwanza ya kiume huungana na yai, na kwa kuwa kila upande umeleta seti moja, kiinitete huanza maisha na seti mbili. Seli ya pili huungana na seli kubwa ya katikati, ambayo tayari ina viini viwili vya mama. Mbili za mama na moja ya baba hufanya tatu, na ndiyo sababu kiini cha kwanza cha endospemu ya mahindi, mpunga, ngano au mtama huwa na kiasi cha 3C. Yule anayesema kila mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama anasema kweli kuhusu kiinitete, lakini katika endospemu mama ana theluthi mbili. Hilo limekuwapo kabla ya maabara ya kwanza kujengwa duniani, na haliongezwi wala kupunguzwa na mbegu kuwa chotara kama H614 au kuwa ya uchavushaji huria kama Katumani.

Mkulima anaweza kuushuhudia uwiano huu bila chombo chochote. Shamba la mahindi meupe likipakana na la mahindi ya njano, chavua kutoka mbelewele za jirani huangukia ndevu za mahindi meupe, na wakati wa kuvuna punje za njano huonekana zimetawanyika kwenye hindi jeupe. Rangi hiyo imo ndani ya endospemu, ndiyo maana mchango wa baba unaonekana msimu uleule badala ya kusubiri mbegu ipandwe tena. Lakini njano hiyo huwa hafifu, kwa kuwa jeni ya njano imeingia mara moja tu, kwa upande wa baba. Mama akiwa wa njano na baba mweupe, jeni hiyo huingia mara mbili, na punje huwa na rangi iliyokolea zaidi. Mwaka 1931 Paul Mangelsdorf na George Fraps, wakifanya kazi Texas, walionyesha kwamba nguvu ya vitamini A katika mahindi hupanda kwa kadiri jeni hiyo inavyohesabika ndani ya endospemu: haipo, mara moja, mara mbili, au mara tatu. Huo ni ushahidi wa 3C uliopatikana kwa kupima lishe, miaka mingi kabla ya mashine za leo.

Sasa DNA yenyewe inapimwaje? Njia ya zamani ilitokana na kemikali aliyoieleza Robert Feulgen wa Ujerumani mwaka 1924, ambayo huipaka DNA rangi ya zambarau kwa kadiri ya wingi wake. Mtafiti aliangalia kiini kimoja kwa hadubini, akapima kiasi cha mwanga kilichozuiwa na rangi hiyo, kisha akahamia kiini kingine, na kazi ya siku nzima ilimpa viini vichache. Njia inayotumika zaidi leo ni ya saitomita ya mtiririko, na kwa mimea iliwezekana kwa urahisi baada ya David Galbraith na wenzake kuchapisha mwaka 1983 mbinu ambayo bado inashangaza kwa wepesi wake: kipande cha tishu mbichi hukatwakatwa kwa wembe ndani ya kimiminika baridi kinachohifadhi viini, seli zikapasuka na viini vikatoka vikiwa vizima. Mchanganyiko huo huchujwa kwa kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo sana, kisha hutiwa rangi inayong'aa inapojishikiza kwenye DNA. Rangi inayotumiwa sana ni propidiamu ayodaidi, na kwa kuwa hiyo hujishikiza pia kwenye RNA, kemikali ya seli inayofanana na DNA, kimeng'enya cha kuharibu RNA huongezwa ili kisiwepo kitu kingine kinachong'aa na kupotosha hesabu.

Baada ya hapo viini hupitishwa kimoja kimoja mbele ya mwale wa leza. Kila kiini hutoa mng'ao, mashine huurekodi, na baada ya dakika chache maelfu ya viini huwa yamehesabiwa na kupangwa kwenye grafu. Viini vyenye kiasi sawa cha DNA hurundikana mahali pamoja na kufanya kilele. Mashine haijui pikogramu. Inajua tu kwamba kilele hiki kinang'aa kuliko kile. Ndiyo maana mtafiti hukatakata pamoja na sampuli yake jani la mmea ambao uzito wa DNA yake unajulikana, kwa mfano njegere ya aina ya Ctirad yenye pikogramu 9.09 kwa 2C. Tuseme kilele cha njegere kimesimama kwenye alama 200 na kilele cha kwanza cha endospemu ya mahindi kwenye alama 179. Tukigawa 179 kwa 200 na kuzidisha kwa 9.09 tunapata pikogramu 8.14, na tukigawa kwa tatu tunapata 2.71, ambayo ndiyo C ya mahindi. Hesabu imekubaliana na kile alichokiona Navashin kwa hadubini.

Hata hivyo, mtafiti anayechukua punje bichi za siku 16 hivi tangu uchavushaji haoni kilele kimoja cha 3C. Huona msururu: 3C, 6C, 12C, 24C, 48C, 96C, na pengine 192C. Hapa ndipo watu hufikiri kuna jambo la hila, na hapa ndipo maelezo yanahitajika kwa makini zaidi. Kwa kawaida seli hunakili DNA yake kisha hugawanyika, kila seli mpya ikabaki na kiasi cha awali. Seli za katikati ya endospemu ya mahindi hugawanyika kwa namna hiyo katika siku za mwanzo, lakini kuanzia takriban siku ya nane hadi ya kumi na mbili huacha kugawanyika na kuendelea kunakili. Kila mzunguko huongeza maradufu kiasi cha DNA ndani ya kiini kilekile, na kwa kuwa mwanzo ni tatu, namba zinazofuata ni sita, kumi na mbili, ishirini na nne, na kuendelea. Richard Kowles na Ronald Phillips walichapisha mwaka 1985 matokeo yaliyofuatilia ongezeko hili siku hadi siku katika punje zinazokua, nalo limethibitishwa mara nyingi tangu hapo. Msomaji akumbuke tofauti kati ya maandishi na nakala: shule yenye nakala 32 za kitabu kimoja cha hesabu ina karatasi nyingi kuliko shule yenye nakala moja, lakini hakuna sura mpya iliyoongezwa kwenye kitabu hicho. Kiini cha 96C kina maelekezo yaleyale yaliyokuwa katika kiini cha 3C. Hakuna jeni ngeni iliyoingia.

Kwa nini mmea ufanye hivyo? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba nakala nyingi huiwezesha seli kukua na kutengeneza wanga na protini kwa kasi, kwani kipindi cha kunakili huambatana na kipindi cha punje kujaa. Ni maelezo yanayovutia, lakini jaribio lilipofanywa halikuyaunga mkono kikamilifu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mahindi ambayo kimeng'enya kinachosukuma unakili huo kilikuwa kimedhoofishwa. DNA ndani ya viini ilipungua, lakini ukubwa wa seli na utendaji wa jeni haukubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa. Maelezo mengine yanasema DNA hiyo huwa akiba ya malighafi ambayo kiinitete huitumia baadaye. Kwa maoni yangu somo la jaribio lile ni kwamba mambo mawili kutokea kwa wakati mmoja si ushahidi kwamba moja limesababisha lingine, na wanaoandika kwamba DNA nyingi huleta punje nono wangepaswa kulizingatia.

Mitego ya kipimo hiki ni mingi, na mtu anayesoma grafu bila kuijua atajidanganya. Mtego wa kwanza ni umri wa punje. Seli za wanga katikati ya punje ya hindi hufa kwa mpangilio maalumu wakati punje inakomaa, na DNA yake huvunjwavunjwa. Katika punje kavu, sehemu ya endospemu iliyobaki hai ni tabaka jembamba la nje lililo chini ya ganda, ambalo kwa sehemu kubwa hukaa kwenye 3C na 6C. Hivyo mtu akipima punje mbichi na mwingine akapima punje kavu za gunzi lilelile, watapata majibu tofauti na wote watakuwa wamepima sawasawa. Mtego wa pili ni mchanganyiko wa tishu. Ganda la punje ni la mama mtupu na lina 2C, kiinitete kina 2C na 4C, endospemu ina 3C na kuendelea. Ukisaga vyote pamoja, kilele cha 4C kinaweza kuwa kiinitete kinachojiandaa kugawanyika, na kilele cha 6C kinaweza kuwa endospemu iliyonakili mara moja tu, lakini macho yasiyozoea yatasema yameona mmea wenye seti nne au sita.

Swali la mazao yaliyobadilishwa kijenetiki linajibika hapa kwa namba. Jenomu ya mahindi, yaani maandishi yote ya DNA katika seti moja ya kromosomu, iliyosomwa na kuchapishwa mwaka 2009 ina herufi za kijenetiki takriban bilioni 2.3. Saitomita nzuri ikitumiwa na fundi makini hutofautisha kiasi cha DNA kwa usahihi wa karibu asilimia moja, yaani herufi milioni 23. Kipande cha DNA kinachoingizwa ili mhindi ujikinge na viwavi ni cha maelfu ya herufi, na hata kikifika makumi ya maelfu bado ni kidogo mno kuonekana kwa kipimo hiki. Grafu ya mhindi uliobadilishwa na ya ule usiobadilishwa zitafanana. Anayetaka kujua kama punje imebadilishwa hutumia kipimo kingine kabisa, PCR, ambacho hutafuta mfuatano mahsusi wa herufi na kuunakili hadi uonekane. Na kipimo cha kutafuta baba wa mtoto ni cha tatu, kinacholinganisha alama za urithi kati ya watu. Vyote vitatu hugusa DNA, lakini kila kimoja hujibu swali lake.

Wala wingi wa DNA si dalili ya ubora au ukuu wa kiumbe. Kitunguu maji kina DNA takriban mara tano ya binadamu katika kila seti, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba jamii ndogo ya kangaga wa New Caledonia, Tmesipteris oblanceolata, ina herufi bilioni 160, zaidi ya mara 50 ya zetu.

Kama kipimo hiki hakitambui jeni ngeni na hakisemi punje ipi ina lishe, kinafaa nini? Kinafaa kusimulia mbegu ilivyotungwa. Tikiti maji lisilo na mbegu, ambalo msingi wake uliwekwa na Hitoshi Kihara wa Japani, hupatikana kwa kumchavusha mama mwenye seti nne kwa baba mwenye seti mbili. Mbegu itakayopandwa ina kiinitete cha seti tatu, na endospemu yake ina tano: nne za mama na moja ya baba. Ukigeuza wazazi, kiinitete kinabaki na seti tatu zilezile, lakini endospemu inapata mbili za mama na mbili za baba, na mbegu huharibika. Kiinitete hakikukosa kitu. Kilichovurugika ni uwiano ndani ya chakula chake. Katika mahindi, Bor-Yaw Lin alionyesha mwaka 1984 kwamba uwiano wa mbili za mama kwa moja ya baba ndio unaoamua kama punje itajaa.

Matumizi yenye uzito zaidi kwa wazalishaji wa mbegu yalielezwa mwaka 2000 na Fritz Matzk na wenzake wa Gatersleben, Ujerumani. Ipo mimea inayozaa mbegu bila yai kurutubishwa, hivyo mtoto huwa nakala halisi ya mama. Kama mhindi chotara ungeweza kufanya hivyo, mkulima angehifadhi mbegu zake mwaka hadi mwaka bila nguvu ya uchotara kupotea, na ndiyo sababu utafiti huu unafuatiliwa kwa hamu kubwa. Matzk aligundua kwamba mbegu kavu ikipimwa nzima, uwiano wa kiinitete na endospemu hufichua siri hiyo. Mbegu ya kawaida hutoa 2C na 3C. Mbegu isiyo na baba kwenye kiinitete lakini yenye baba kwenye endospemu hutoa 2C na 5C, kwa kuwa viini viwili vya mama havikupunguza seti zake na vimeleta mbili mbili, kisha baba akaongeza moja. Mbegu isiyo na baba popote hutoa 2C na 4C.

Njia hii ina pengo moja, na pengo hilo liko kwetu. Nyasi za malisho za Panicum maximum, ambazo asili yake ni Afrika na ambazo Brazil inazilima kwa majina ya Tanzânia na Mombaça kutokana na mimea iliyokusanywa Afrika Mashariki, pamoja na nyasi za Brachiaria ambazo wafugaji wengi wa Kenya wamezianza miaka ya karibuni, huzaa kwa kuinakili mama pia. Lakini mfuko wa kiinitete wa nyasi hizo, yaani sehemu ya ndani ya ovari ambamo yai na seli ya katikati hukaa, una kiini kimoja tu cha katikati badala ya viwili. Kiini hicho hakikupunguza seti, hivyo kinaleta mbili, baba anaongeza moja, na endospemu inasimama kwenye tatu kama ile ya mbegu ya kawaida. Grafu ya 2 kwa 3 haiwezi kuzitenganisha. Mtafiti wa malisho hulazimika kupasua ovari changa na kuhesabu viini kwa hadubini, au kuotesha watoto wa mmea mmoja na kulinganisha alama zao za urithi na za mama. Kitu kimoja tu ndicho ambacho saitomita bado humwonyesha katika nyasi hizo: pale yai lisilopunguza seti linaporutubishwa kwa bahati, kiinitete nacho hufika kwenye tatu, na vilele viwili vya mbegu huwa kimoja.